Kufunga na Kufungua: Mkono Uliovunjika Katika Desturi Zetu na Katika Historia

Katika vitabu vidogo sawa hiki tunaandika sana juu ya mahari, juu ya ngoma, juu ya majina ya mapacha. Kazi ya fundi wa mifupa tunaipita pembeni. Lakini huku kwetu ni vigumu kupata kijiji au kartie ambako hawajui nyumba ya mzee au ya mama fulani anayeunga mifupa. Na kila mwaka, maembe yakiiva, mabishano ni yale yale. Mtoto ameanguka toka juu ya mwembe, mkono umevimba, na ndugu wanagawanyika. Koko anasema: "Tumupeleke kwa muzee wa mifupa, kule lopitali batamukata mukono." Baba anajibu: "Hapana, kwa muzee njo kule banaozesha mikono ya batoto." Wakati wanabishana, vidole vya mtoto vinazidi kuvimba.

Sisi tunaona kwamba koko na baba wote wawili wako na haki, lakini kila mmoja ameshika nusu ya jambo. Kutibu mkono ni kazi mbili: kuufunga, halafu kuufungua. Watu wengi wanajua vizuri moja tu kati ya hizi. Na ukifuata historia ya kazi hii, utaona kwamba mabishano ya uani kwetu yamefanyika pia Misri, Ugiriki, Uingereza na Ufaransa, tena kwa makali kuliko yetu.

Fundi wa mifupa na kuku wake

Kwanza tuseme fundi anafanya nini. Anapapasa. Hana mashini ya kupiga picha ya mifupa, macho yake yako kwenye ncha za vidole. Anatafuta mahali ambapo mfupa unalia, ni kusema panapotoa mlio mdogo wa kusaguana, na mahali ambapo mgonjwa anaruka kwa maumivu. Kisha anavuta mkono polepole, msaidizi akishika upande wa juu, mpaka mfupa urudi katika mstari wake. Halafu anapaka mafuta ya mawese, anazungusha majani yaliyopashwa moto, na juu yake anapanga mabanzi: vipande vya mwanzi, vya ubavu wa kuti, au vya ganda la mti, vikifungwa na kamba za mgomba. Wengine wanachanja chale ndogo na kutia dawa nyeusi ndani yake. Jambo hilo la chale tunalisema wazi: ngozi iliyokatwa juu ya mfupa uliovunjika ni mlango wa usaha na wa pepopunda, na hatuoni faida yake.

Halafu kuna kuku. Kwa makabila mengi ya Afrika ya kati wazee wanasimulia jambo hili: fundi anavunja mguu wa kuku siku ile ile, anaufunga sawa na alivyofunga mkono wa mgonjwa, na kuku anaachiliwa uani. Siku kuku atakapotembea vizuri, mabanzi ya mgonjwa yanafunguliwa. Vijana waliosoma wanacheka wakisikia hivi. Kabla ya kucheka, tufikiri kidogo. Mahali pasipo kalenda wala picha ya mifupa, kuku alikuwa saa. Aliwakataza ndugu wa mgonjwa wasifungue mapema kwa haraka zao, na alimpa mgonjwa kitu cha kutazama kila asubuhi. Shida ni kwamba saa hiyo inakwenda mbio. Mfupa wa kuku huunga kwa juma tatu hivi. Mtoto mdogo aliyevunjika karibu na kifundo cha mkono, yeye na kuku wanaweza kupona pamoja, maana huyo anahitaji juma tatu au nne. Mtu mzima aliyevunjika pale pale anahitaji juma sita. Aliyevunjika mfupa mkubwa kati ya bega na kiwiko anahitaji miezi miwili mpaka mitatu. Huyo akifuata kuku, atafungua mkono ambao bado ni laini, na mfupa utapinda.

Tuseme pia siri moja ya sifa za mafundi. Mara nyingi mtoto wa mwaka mmoja mpaka minne anavutwa mkono kwa nguvu: dada yake anamrusha juu ya mfereji, au mama anamkamata asianguke. Mtoto analia, mkono unaning'inia, hataki kuutumia. Hakuna kilichovunjika. Ni kichwa cha mfupa mmoja wa kiwiko kilichochomoka kidogo katika pete yake. Fundi anashika kiwiko, anageuza kiganja, anakunja mkono, kinasikika kilio kimoja, na baada ya dakika chache mtoto anashika biskuti kwa mkono ule ule. Mama anakwenda kusimulia sokoni kwamba mzee ameunga mfupa kwa dakika tano. Munganga wa lopitali anafanya mwendo huo huo, na mtoto anapona vilevile. Lakini sokoni habari za lopitali hazisimuliwi kwa furaha namna hiyo.

Lopitali ni mtoto wa fundi wa mifupa

Wasomaji wengine wanafikiri kwamba mabanzi na kamba ni mambo ya porini, na kwamba Wazungu walikuwa na plata tangu mwanzo. Sivyo. Mwaka 1862 Mmarekani Edwin Smith alinunua kule Luxor, Misri, maandiko ya zamani sana ya kiganga. Yalitafsiriwa na Breasted na kutolewa mwaka 1930. Maandiko yale yaliandikwa karibu miaka 1600 mbele ya Kristo, kutokana na kitabu cha zamani zaidi, na yanaeleza wagonjwa 48, mmoja mmoja, tangu kichwa kwenda chini. Kati yao kuna aliyevunjika mtulinga, ni kusema ule mfupa unaounga bega na kifua, na aliyevunjika mkono wa juu. Munganga anaambiwa amlaze mgonjwa chali, aweke kitu kilichokunjwa kati ya mabega, avute mpaka mfupa urudi mahali pake, kisha afunge na mabanzi ya kitani na kutia asali kila siku. Badilisha kitani kwa mwanzi na asali kwa mawese, utakuwa uani kwa mzee wetu. Na hiyo ni Afrika, tusisahau.

Baada ya hapo akaja Hippocrates kule Ugiriki, miaka 2400 iliyopita. Bega likichomoka, alilirudisha kwa kisigino: munganga anaketi kando ya mgonjwa, anaweka kisigino chake katika kwapa, anavuta mkono. Njia hiyo ilidumu mpaka karne yetu, ingawa leo waganga wanapendelea njia za upole zaidi. Lakini kitu kikubwa alichoacha Hippocrates, kwa maoni yetu, ni neno lake juu ya kufunga. Alifundisha kwamba kitambaa kikifungwa vizuri, kesho yake kiganja huvimba kidogo, uvimbe laini. Uvimbe ukiwa mgumu, umekaza mno. Siku ya tatu unafungua na kufunga upya. Na mabanzi yenyewe alikuwa hayaweki siku ya kwanza. Alingoja mpaka karibu siku ya saba, uvimbe ukiwa umeshuka. Tunawaomba wasomaji wakamate neno hilo, tutalirudia.

Hata Uingereza, karne ya 19, watu wa kawaida walipeleka mikono yao kwa mafundi wa kijiji. Jamaa moja ya kisiwa cha Anglesey, katika Wales, ilifanya kazi hiyo kizazi kwa kizazi. Mmoja wao, Evan Thomas, alihamia Liverpool, akapata wagonjwa wengi sana, na waganga wenye diploma wakamsumbua. Alifanya nini? Aliwapeleka watoto wake wa kiume watano wote kusoma uganga. Mmoja wao, Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa mwaka 1834 na kufa mwaka 1891, anahesabiwa kama baba wa uganga wa mifupa katika Uingereza. Basi wakati munganga wa lopitali anapodharau fundi wa kijiji, anadharau ukoo wake mwenyewe.

Kamba inayoua mkono

Sasa tufike kwenye jambo ambalo baba wa mtoto analiogopa, na ana haki kuliogopa.

Mkono ukivunjika, uvimbe haumaliziki siku ile. Unaendelea kupanda siku mbili, tatu. Fundi amefunga saa kumi ya jioni, kamba ikiwa sawasawa. Usiku nyama inavimba ndani ya mabanzi ambayo hayapanuki. Damu inashindwa kupita. Nyama ya mkono ikikosa damu kwa saa sita hivi inaanza kufa, na ikifa hairudi. Mtoto analia usiku kucha. Na hapa ndipo desturi inatuponza, maana watu wazima wanamwambia: "Vumilia, mufupa unajiunga." Fundi akiitwa asubuhi anaweza hata kukaza zaidi, akifikiri mabanzi yamelegea. Siku ya nne mtoto hasikii maumivu tena, nyumba yote inafurahi. Kumbe ukimya huo ni wa mkono uliokufa.

Mwaka 1881 munganga Mdachi, Richard von Volkmann wa Halle, aliandika juu ya mikono aliyoiona baada ya kufungwa kwa nguvu mno: kiganja kimejikunja, vidole vimekauka kama kucha za kipanga, mkono mwembamba usiofungua tena. Alisema wazi kwamba chanzo ni damu kuzuiwa. Mpaka leo jina lake linaitwa juu ya kilema hicho. Angalieni vizuri: Volkmann alikuwa anaandika habari za lopitali za Ulaya, si za vijiji vya Afrika. Plata iliyokazwa inaua mkono sawa na kamba ya mgomba. Tofauti ni kwamba katika lopitali nzuri kuna mtu anayepita usiku kutazama vidole, na kuna msumeno wa kupasua plata.

Mkono unaoharibika hivyo mara nyingi ni wa mtoto wa miaka mitano mpaka kumi, aliyevunjika juu kidogo ya kiwiko. Pale mshipa mkubwa wa damu unapita karibu kabisa na ncha ya mfupa. Ni mivunjiko ya mwembe, ya mvokado, ya ukuta wa shule. Kwa mtoto kama huyo hatuna neno la kati: aende lopitali siku ile ile, mkono ukiwa umetegemezwa tu kwa kitambaa shingoni, bila kukunjwa sana. Na kwa mkono wowote uliofungwa, kwa fundi ao kwa munganga, dalili ni hizi: maumivu yanayozidi badala ya kupungua; mtoto kupiga kelele ukinyoosha vidole vyake polepole; vidole baridi, vyeupe ao vya rangi ya buluu, ao vyenye ganzi. Ukiona moja tu, fungua kila kitu mpaka kwenye ngozi, hata kama ni saa nane ya usiku, na mtoto apelekwe. Usingoje mpaka mshipa wa mapigo unyamaze kwenye kifundo. Unaweza kuendelea kupiga wakati nyama ndani inakufa.

Kwa nini basi wazazi hawaendi lopitali? Tusiwatukane. Wanajua kwamba picha inalipwa, plata inalipwa, kitanda kinalipwa, na wamekwisha kuona mgonjwa aliyepona akizuiliwa juma kadhaa kwa deni. Fundi anakubali mbuzi, anakubali kungoja mavuno. Na lile neno "batamukata" halikutoka hewani. Watoto wengi wanaokatwa mkono lopitali walifika siku ya tano, mkono ukiwa umeshaoza chini ya mabanzi. Kijiji kinaona aliingia na mkono, akatoka bila mkono, na hesabu inafanywa juu ya mgongo wa munganga.

Plata, na mabishano ya Wazungu wenyewe

Plata yenyewe si ya zamani. Munganga wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alitangaza mwaka 1852 namna ya kusugua unga wa jasi katika vitambaa vikavu, kuvilowesha na kuvizungusha juu ya mfupa. Mashini ya kupiga picha ya mifupa ilikuja baadaye, kwa uvumbuzi wa Röntgen mwaka 1895. Huku kwetu vyote viwili vilikuja na Wabeleji, katika lopitali za Leta, za misioni na za kompani. Kwa upande wa kufunga, ilikuwa faida kubwa: mfupa unaonekana, unawekwa sawa, na haupindi. Mavunjiko mabaya sana, yale ya vipande vingi ao yale ambayo mfupa umetoboa ngozi, fundi hana njia nayo kabisa.

Lakini kwa upande wa kufungua, lopitali nyingi zilikuwa maskini. Mtu anawekewa plata, anaambiwa arudi baada ya juma sita, inakatwa, "umepona, nenda." Anakwenda nyumbani na bega ambalo halipandi, na vidole ambavyo havifungi ngumi. Mfupa umeunga, mkono umekufa kwa kazi. Ndipo koko anaposema: "Munaona? Plata imekausha mukono." Na hapa koko ana haki.

Wazungu wenyewe walibishana juu ya jambo hilo. Hugh Owen Thomas, yule mtoto wa fundi, alifundisha kwamba mfupa unahitaji pumziko, pumziko refu, bila kusumbuliwa. Kule Paris, Just Lucas-Championnière alifundisha kinyume: kwamba mivunjiko mingi, zaidi ile ya kifundo cha mkono, inapona vizuri ikikandwa na kuchezeshwa mapema. Kitabu chake kilitoka mwaka 1895. Waganga wengi walimcheka. Leo tunaona kila mmoja alikuwa na mahali pake: mfupa wenyewe utulie, lakini viungo vyote vinavyouzunguka vifanye kazi tangu siku ya kwanza.

Chukua mvunjiko wa kifundo cha mkono, ule ulioelezwa na Abraham Colles wa Dublin mwaka 1814, miaka 81 mbele ya picha za Röntgen. Sisi tunauona kila msimu wa mvua: mama mzee anateleza kwenye matope ya kilima, anatanguliza kiganja, na mkono unakuwa na umbo la uma. Plata inakwenda tangu chini ya kiwiko mpaka kwenye kiganja, na inaishia pale mahali vidole vinapoanza kujikunja. Siku ile ile mama afunge na kufungua ngumi, mara kumi, kila saa. Ainue mkono juu ya kichwa mara kadhaa kwa siku, bega lisigande. Kiganja kikae juu kuliko moyo, si kuning'inia. Haya hayaombi franka hata moja, na ndiyo yanayotenganisha mkono unaofua nguo na mkono unaokaa mapajani.

Wazee wetu waliijua kazi hii ya pili, na tunaona hapo ndipo hekima yao kubwa ilipo. Baada ya mabanzi, fundi hakusema nenda. Mgonjwa alirudi asubuhi na jioni: maji ya moto, majani, mafuta, kukandwa tangu vidole kwenda juu, vidole vikinyooshwa kimoja kimoja. Kazi ambayo leo mtu wa kinezi anaisomea kwa miaka, mama mmoja aliifanya uani, na aliifanya kila siku, jambo ambalo lopitali haliwezi.

Mahali pamoja tu tunaomba desturi isimame: kiwiko. Kiwiko kikivunjika ao kikiteguka, halafu kikandwe kwa nguvu na kunyooshwa kwa lazima, nyama iliyo mbele yake inaweza kugeuka kuwa mfupa. Ndiyo, mfupa unaota ndani ya nyama, na kiwiko kinafungwa milele. Kadiri unavyokaza kukanda, ndivyo kinavyokataa. Kiwiko mwenyewe anakikunja na kukinyoosha kwa nguvu zake mwenyewe, bila mtu mwingine kukivuta. Mtoto hana haja ya kukandwa hata kidogo. Akipewa nafasi ya kucheza, kiwiko chake kinarudi polepole kwa miezi.

Bega nalo lina tabia yake. Kijana mwenye miaka 20 ambaye bega lake limechomoka mara moja, yuko karibu na kulichomoa tena. Akishalirudishia, alitegemeze kwa kitambaa juma mbili tatu, kisha aimarishe nyama za bega. Mtu wa miaka 50, hasa mwenye sukari, hofu yake ni nyingine: bega linaganda lenyewe, hata bila kuanguka, na linaweza kukaa mwaka mmoja ao miwili mbele ya kulegea. Huyo ainame, aache mkono uning'inie na kuzunguka polepole kama ndoo ya kisima, halafu apandishe vidole ukutani.

Mikono ya kazi na mikono ya vita

Kuna mambo mengine ya mkono ambayo si ya kuvunjika. Kinu cha sombe kinachosha kano za kifundo na za bega. Mama mwenye mtoto mchanga, kwa kumwinua mara kwa mara, anapata maumivu upande wa kidole gumba. Fritz de Quervain, munganga Mswisi, aliyaeleza mwaka 1895. Hapo dawa ni kupumzisha kidole na kubadilisha namna ya kumshika mtoto, na chale hazina kazi.

Kuna pia mkono unaoinama. Mtu amekunywa kasiksi mpaka usiku, amelala mkono juu ya mgongo wa kiti, asubuhi kiganja hakiinuki. Ao amevunjika mfupa wa juu, na mshipa wa fahamu unaouzunguka umeumia. Nyumbani wanasema amerogwa, na wanaanza kutafuta adui katika ukoo. Ndugu zetu, huo ni mshipa wa fahamu uliobanwa, na mara nyingi unarudi wenyewe, kwa juma chache ao kwa miezi. Wakati wa kungoja, kifundo kitegemezwe kwa ubao mwepesi, na vidole vichezeshwe kwa mkono wa pili visikauke. Ajali za moto ni mbaya zaidi. Mtu anaangukia bega, kichwa kinasukumwa upande mwingine, na mishipa ya shingoni inavutika ao inakatika. Mshipa wa fahamu unakua karibu milimita moja kwa siku tu. Toka shingoni mpaka kiganja, hesabu mwenyewe. Hakuna kukanda kunakouharakisha, lakini bila kuchezesha viungo, siku mshipa utakapofika utakuta kiganja kimekwisha kuwa jiwe.

Na kuna vita. Nchi yetu iliwahi kujulikana duniani kwa mikono. Mwaka 1904, katika Leta ya Léopold, Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala wa Wala akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, vilivyokatwa na walinzi wa kompani ya mpira. Katika vita vya mashariki, tangu mwaka 1996, panga na risasi zimeacha mikono mingi yenye kano zilizokatwa na mifupa iliyovunjwa vipande. Kazi ya upasuaji wa Msalaba Mwekundu ilianza katika lopitali ya CBCA Ndosho, Goma, mwaka 2012, na Januari 2025, vita vilipofika mjini, lopitali hiyo ilipokea majeruhi kwa wingi sana. Vituo sawa Shirika la Umoja kule Goma na Heri Kwetu kule Bukavu vinajulikana kwa kazi ya kufungua: kufundisha mkono uliobaki, kutengeneza mkono wa bandia. Tuseme ukweli, mkono wa bandia ni kazi ngumu kuliko mguu wa bandia. Mguu unahitaji kusimama. Mkono unahitaji kufunga kifungo cha shati. Wengi wanaishia kujifunza kufanya yote kwa mkono mmoja, na kuna ufundi ndani yake: kukunja nguo kwa meno, kushika sahani kwa goti.

Mafundi wafundishwe

Mkutano wa Alma-Ata, mwaka 1978, ulikubali kwamba waganga wa desturi wanaweza kuwa na nafasi katika afya ya msingi, ikiwa wanafundishwa. Kwa fundi wa mifupa jambo hili limejaribiwa. Kule Ethiopia waganga wa lopitali moja, waliochoka kukata mikono na miguu ya watoto iliyooza, waliwaita mafundi wa jimbo na kuwapa somo la siku moja. Habari ilitolewa mwaka 2005: katika miaka miwili iliyofuata, hesabu ya kukata ilishuka sana. Siku moja tu! Hawakuwaambia waache kazi. Waliwafundisha kutofunga kwa kukaza.

Chama chetu kinaweza kuomba jambo hilo hilo kwa wazee wa huku, na wengi watasikia, maana si kinyume cha ufundi wao. Ncha za vidole vyote ziachwe wazi. Siku mbili tatu za kwanza mkono utegemezwe tu, ao mabanzi yafungwe upande mmoja na kitambaa laini, sawa alivyongoja Hippocrates. Kamba ijaribiwe kwa kupitisha kidole chini yake, na kila asubuhi ifunguliwe, itazamwe, ifungwe upya. Kiwiko cha mtoto, jeraha lenye mfupa nje, na vidole baridi viende lopitali bila mabishano. Na lopitali nayo, ikishakata plata, imrudishe mgonjwa kwa mama wa maji ya moto, kwa barua fupi inayosema kiungo gani kikandwe na kipi kiachwe.

Vyombo vya kazi hiyo viko nyumbani. Kitambaa kilicholowa cha kukamua. Udongo wa kufinyanga. Kifungo cha shati cha kufunga na kufungua. Mama aliyevunjika kifundo asirudie kinu mbele ya miezi mitatu hivi. Mpaka hapo apewe maharagi ya kuchambua, punje kwa punje, kwa mkono ule ule ulioumia.